Laini kwa Jina la Baba

Mpaka saa sita mchana Kalamu awe amewaua wapenzi wawili, la sivyo wanafunga ndoa. Prodyuza ndivyo alivyosema, na mtu yule akisema amesema.

Kalamu ndilo jina walilompa mwandishi wa skripti. Alikabidhiwa hadithi ya kale ambayo kila bibi anaijua: binti anamwandikia mpenzi wake aje wakimbie, jibu linapotea njiani, binti anakata tamaa na kujitosa mtoni, kijana anafika amechelewa naye anamfuata. Alipoambiwa ailete zama hizi, alirukaruka sebuleni mpaka mama yake akamuuliza kama ameingiwa na siafu. Miaka minane ya kuandika matangazo ya sabuni, jamani, na leo sinema!

Kumbe kisiki kilikuwa kwenye lile jibu. Siku hizi ujumbe unapotea vipi? Si wapigiane tu? Aliandika betri imeisha, wakamcheka. Akaandika simu imeibwa, wakamcheka mpaka machozi. Prodyuza akaona isiwe taabu, ipigwe harusi watu watoke ukumbini wakitabasamu. Harusi! Kalamu alihisi kama amechomwa kisu.

Saa tano kasoro alikuwa chumba cha mavazi, amejibanza kati ya magauni, akimlalamikia fundi cherehani. Fundi alikuwa mama mmoja mkimya, na wakati ule alikuwa akipunguza kiuno cha gauni la binti, pini mdomoni. Akazitoa mojamoja, akazichomeka kwenye mto wake wa sindano, kisha akauliza laini ya simu ya huyo binti imesajiliwa kwa jina la nani.

Kalamu akasema hajui, na wala haoni inahusu nini.

"Yangu ilikuwa kwa jina la baba," fundi akasema. "Sikuwa na kitambulisho bado. Siku moja akaenda na chake, akadai laini imepotea, akapewa nyingine yenye namba ileile. Yangu ikakatika palepale. Nami nilikuwa nimeshamwandikia mtu aje anichukue."

"Akajibu?"

"Akajibu. Kwa baba."

Loo, Kalamu alivyoruka! Alimkumbatia fundi, pini zikamwagika, wala hakuomba radhi. Aliandika amesimama, kwa penseli ya kuchorea vitambaa, kurasa mbili mbio mbio, kisha akachomoka kwenye korido. Prodyuza alisoma, akarudia, akapiga meza kwa kiganja. Wanakufa! Mpiga picha akapiga mluzi, wabeba taa wakashikana mikono wakicheza. Sijapata kuona watu wakishangilia misiba ya wenzao namna ile.

Kalamu akarudi mbio kwa fundi, anahema, uso umemwiva kwa furaha. Alikuwa amebakiwa na jambo moja: ule ujumbe baba aufute, au afanyeje?

Fundi alikuwa akiokota pini sakafuni. Akasema baba yake hakuufuta. Alimwonyesha miaka mingi baadaye, akiwa kitandani anaumwa, wakati yeye ameshaolewa kwingine na ana watoto watatu. Ulisema: nimeshapanda basi, nisubiri.

Kalamu akakaa chini. Akamuuliza kwa sauti ndogo kama kweli anamruhusu aandike hayo.

"Andika, mwanangu," fundi akasema. "Mimi nilimsubiri siku mbili tu."