Pengo Kwenye Mstari Mwekundu

Bibi yangu ni fundi cherehani, na meza yetu ni moja. Upande wake kuna mkasi, chaki na nguo za watu. Upande wangu, wiki nzima, kulikuwa na ubao wa plastiki wenye matundu madogo, betri, na kitaa chekundu kilichogoma kuwaka.

Chuo kilitutaarifu mapema: anayeanza somo la saketi za kielektroniki aje siku ya kwanza na taa inayowaka, aliyoiunganisha mwenyewe nyumbani. Kazi ya kitoto, walisema, nyaya unazichomeka tu kwenye matundu. Mimi nilichomeka, nikachomoa, nikageuza kitaa, nikabadilisha betri. Wapi! Nina hasira za mkizi, kwa hiyo betri ya pili niliirusha ukutani, na bibi akaniuliza kama ukuta nao unasoma chuo.

Asubuhi ya siku ya mwisho ya kubadilisha masomo nikakata shauri. Kama kazi ya kitoto imenishinda, ya wakubwa nitaiweza wapi? Nikamwambia bibi nakwenda kuhamia uhasibu. Somo la saketi nililitamani tangu nilipokuwa nikifungua redio yake kwa kuiba. Hakunibembeleza. Akavuta shati la mteja, akaanza kushonea mikono yake, kisha akalalamika kwamba nyaya zangu zinanasa kwenye mkasi wake.

"Hizo za betri, mke mwenzangu. Zihamishie huko kwako."

Nikazichomoa upande wa kushoto wa ubao huku nimenuna, nikazichomeka upande wa kulia, kwenye mistari ileile ya matundu. Kitaa kikawaka.

Nikazirudisha kushoto, kikazima. Kulia, kikawaka. Ndipo nikaukagua ubao vizuri. Matundu ya pembeni yanayopitisha umeme yamechorewa mstari mwekundu, na katikati mstari huo una pengo dogo. Nililiona kila siku, nikadhani rangi imebanduka tu. Nikapima kwa mita ya kupimia umeme pande mbili za pengo: umeme haupiti. Ubao umetengenezwa hivyo makusudi, nusu mbili zisizoungana, na mimi wiki nzima nilikuwa napeleka umeme kwenye nusu isiyo na taa.

Nikashusha pumzi. Machozi yakanitoka, nikacheka humohumo, nikaketi sakafuni. Sikuwa mbumbumbu. Kosa lilikuwa la kusomeka kwa macho, na sasa nilikuwa nimelisoma.

"Kwa hiyo uhasibu?" bibi aliuliza, macho kwenye nguo.

"Siendi popote, bibi."

Akaitikia kwa kichwa, akachukua wembe, akaanza kufumua lile shati. Nikasogea nione. Mkono wa kushoto, ule alioushona niliposema nahamia uhasibu, alikuwa ameushonea upande wa kulia, yeye ambaye hushona huku akiongea na wateja na hakosei hata kifungo.