Mstari wa Saba Umepinda

...mistari kumi na minne, imenyooka kama imepigwa rula, inatoka mchanga mtupu kwenda mchanga mtupu, hakuna kisima, hakuna kijiji, na hawa mabwana wa picha za setilaiti wanataka niwaeleze ni nini kabla ya saa sita, jaribio la kazi wanaliita, bure of course, ombi langu la arobaini na moja tangu nivue joho, basi nimeandika mifereji ya kale, nikaongeza huenda ya ibada, maana msomi asichokijua hukificha kwenye ibada... na baba kasimama nyuma yangu na beseni la nguo, "Hizo njia zetu hizo," haya, mzee kaanza, dereva mstaafu wa tingatinga, kila mkwaruzo duniani kaupiga yeye, "Njia gani baba isiyokwenda popote?" "Haikuwa ya kwenda, msomi wangu. Mimi nakwangua, wenzangu wanafukia baruti, wataalamu wanasikiliza kama chini kuna mafuta," lo, seismic survey hiyo, kupima miamba kwa mtetemo wa baruti, tulisoma mwaka wa pili, nikapata A, A nzima, ikapita mbele ya macho yangu nisiijue... "Na huu wa saba mbona umepinda?" namuuliza kwa ukali, nimnase, "Hapo nilizunguka. Palikuwa na makaburi, mawe yamepangwa tu, marefu na mafupi. Mafupi ndiyo mengi," watoto, Mungu wangu, "Msimamizi akasema nyoosha. Nikamwambia panda unyooshe mwenyewe," na anacheka, anacheka kabisa, kumbe ndiyo safari ile aliyorudi na begi moja, nina miaka tisa, mama akasema kafukuzwa kwa ubishi, na ubishi huo nimemsimanga nao mpaka leo, juzi tu, mbele ya shangazi, nikamwambia mimi sitaishia kama wewe, akaendelea kula... nafuta ibada, nafuta mifereji, naandika njia za kutafuta mafuta, mstari wa saba umekwepa makaburi, dereva alikataa kuyapitia, na fomu haishibi, chanzo cha taarifa, inauliza, "Umeandika?" anauliza na yeye, nami naandika, baba yangu, dereva, herufi moja moja, na sijageuka, sina uso wa kumgeuzia.