Ngome kwa Askari Mmoja

Bi Haraka alikuwa ameshauzunguka ukumbi wa chuo mara nyingi hata mlinzi akaanza kumtilia shaka, na mchezo wa tatu ulikuwa haujafika katikati. Jina hilo alipewa na wenzake kazini, kwa kuwa hajui kumsubiri mtu amalize sentensi. Siku hiyo ya mashindano zilizokuwa zikicheza sataranji ni programu za kompyuta. Waliozitunga kazi yao ilikuwa kukaa na kutazama. Kukaa ndiko kulikomshinda.

Programu yao aliiunda na mdogo wake, mfamasia mpole aliyecheza sataranji tangu utotoni. Mdogo aliujua mchezo, dada aliijua kompyuta, na walikuwa wakigombania jambo moja tu. Kila zamu ina njia nyingi kama nywele za kichwa, na saa haimngoji mtu, kwa hiyo programu lazima ikate zile zisizo na maana. Bi Haraka aliiwekea kanuni: kabla ya kula kete ya mpinzani, hesabu nani atakula na nani ataliwa kwenye chumba kile kile mpaka walaji waishe. Ukibaki na hasara, itupe hatua hiyo, usiitazame tena. Mdogo wake alijaribu kumweleza kwamba ziko hasara zenye faida ndani yake. Dada akamkatiza: wakichungulia kila shimo, saa itawaishia. Kanuni ikabaki.

Sasa mdogo alimvuta mkono, akamwonyesha skrini. Ngome yao ingeweza kumla askari aliyesimama mbele ya mfalme wa wapinzani. Mfalme angelazimika kuila ngome hiyo, na akishatoka nje tu, malkia na farasi wangemmaliza. Lakini askari ana thamani ya alama moja, ngome tano. Programu ilipiga hesabu, ikaona inatoa tano kupata moja, ikaitupa hatua hiyo. Ikasogeza askari wa pembeni. Wapinzani wakaziba pengo, na mchezo ukaisha sare.

Kati ya mchezo na mchezo waliruhusiwa kurekebisha. Wakatoka nje, wakasimama kwenye ngazi, dada akiwa ameshaanza kujitetea kabla hajalaumiwa. Mdogo wake alimwacha mpaka pumzi zikamwishia.

"Dada, hata mimi unanikata hivyo hivyo," alisema. "Naanza neno, wewe ushaona lina hasara."

Bi Haraka akaitoa kompyuta yake ya mpakato mkobani.

"Haya, sema," alisema. "Nakusikiliza."

Mdogo wake hakutaka kanuni yote ifutwe. Alitaka isamehe kula kule kunakomtishia mfalme, hata kukionekana kuwa na hasara. Dada aliandika amesimama, mpakato umelala ukingoni mwa ukuta, vidole vikikosea herufi, huku ndani wakiitwa.

Katika mchezo wa mwisho programu ilimtoa farasi kafara ikamla askari mmoja. Mwanafunzi wa upande wa pili akamnong'oneza mwenzake kwamba mashine ya wale imeingiwa na wazimu. Baada ya hatua chache hakunong'ona tena. Mfalme wao alikuwa akikimbizwa kutoka chumba hadi chumba, hana pa kujificha. Bi Haraka alitoka, akarudi, akakaa, akainuka. Programu ilikuwa inachungulia mashimo yote iliyokuwa ikiyaruka, na kila hatua iliifikiria kwa muda mrefu kuliko iliyotangulia. Mdogo wake alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Zikiwa zimebaki hatua mbili washinde, saa yao ikaisha. Msimamizi akainua mkono. Wameshindwa.

"Nilikuambia" ilishamfika dada kwenye ncha ya ulimi. Akaimeza. Alipogeuka alimkuta mdogo wake anacheka taratibu, anafuta miwani kwa shati.

"Lakini umeiona ilivyomkimbiza mfalme?" mdogo aliuliza.

"Nimeiona."

Mdogo akaanza kusema kwamba labda msamaha ule utolewe kwenye hatua za karibu tu, zile za mbali zikatwe kama zamani ili saa itoshe. Dada akamwekea mpakato mapajani, akamwambia aandike mwenyewe anavyoona.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Nazunguka jengo," alisema Bi Haraka, akiwa ameshafika mlangoni. "Nikikaa hapo nitakukatiza."