Ngozi ya Chini

Nilifukuzwa shuleni kwa wiki mbili kwa kosa la kuchora. Naomba hilo lieleweke mapema, maana Malaba nzima, mji wetu wa mpakani, ilikuwa imeambiwa kwamba nina mimba, na upande wa soko walisema nimechoma bweni. Mimi, Trizah, wa kidato cha tatu, nilichora tu. Nilichora uso wa naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Oduori, kwenye ngozi ya ngoma ya bendi, kwa rangi ya mafuta, pamoja na masharubu yake yote. Ijumaa asubuhi bendi ilipiga wimbo wa taifa gwarideni, na mpiga ngoma, ambaye macho yake yalikuwa kwenye bendera, akamchapa Bwana Oduori usoni kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Wasichana mia sita tulisimama wima huku machozi yakitutiririka. Mgeni angedhani ni uzalendo.

Mambo hayo yangeisha kwa adhabu ya kung'oa kisiki nyuma ya jikoni. Bahati mbaya, ngoma ile ilikuwa na mnunuzi. Ilikuwa ngoma ya zamani ya shaba, ile aina ndogo yenye nyuzi zilizokazwa chini ya tumbo, ambazo ndizo huifanya ikwaruze badala ya kuvuma. Mzee Odeke wa Tororo, ng'ambo ya mpaka, anayenunua vyombo vikuukuu vya bendi, alikuwa amekubali kutoa shilingi elfu arobaini, na alikuwa anakuja kuichukua mchana huohuo. Kwa pesa hizo shule ingenunua ngoma mbili mpya kabla ya tamasha la muziki.

Bwana Oduori alitaka kujifuta kabla mgeni hajafika. Alimimina thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, akasugua kwa bidii. Rangi ilitoka. Ngozi nayo ikakauka, ikajikunja, ikapasuka pale yalipokuwa masharubu. Akaigeuza ngoma, akagonga upande wa chini aone kama huko kuko salama, na kidole chake kikapita hadi ndani. Odeke alifika, akatazama, akarudi Tororo na pesa zake.

Mwalimu mkuu alitoa hukumu akiwa amesimama. "Utaibeba ngoma hii nyumbani. Wiki mbili, Trizah. Odeke akiinunua kwa elfu arobaini, utarudi darasani. Asipoinunua, utakuja na mama yako kuchukua barua ya uhamisho."

Napenda shule ile. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote, kwa kuwa nina jina la kulinda, lakini naipenda. Niliamua ndani ya ofisi hiyohiyo, nikiwa nimekumbatia ngoma, kwamba sitaondoka.

Mama yangu, Roselida, huuza chai na chapati kwa madereva wanaosubiri foleni ya malori mpakani. Hakunipiga. Aliitazama ngoma, akanitazama mimi.

"Hiyo inakula?"

"Haili, mama."

"Basi ingia nayo. Wewe unayekula ndiye nitakayemfikiria."

Jirani na kibanda chetu kuna Josphat, fundi wa kupulizia malori rangi. Malaba hakuna kitu kinachouzwa kabla ya kupuliziwa rangi: pikipiki, majiko, vitanda, na jeneza moja ninalolijua. Josphat aliitazama ile shaba iliyogeuka kahawia akasikitika kwa dhati.

"Siste, nani atatoa elfu arobaini kwa sufuria ya uji? Lete msasa."

Tulipiga msasa sehemu ndogo tu, ubavuni, kisha akachoka akasema rangi itashika hivyohivyo. Aliipulizia dhahabu pande zote, kwa malipo ya chai ya siku mbili. Ilipokauka ilimeta hata tanboi mmoja, utingo wa lori la saruji, akavua kofia. Nilijiona nimemaliza nusu ya kazi.

Kesho yake nilipanda bodaboda hadi Adungosi kwa Mzee Otukei, anayefunika kwa ngozi ngoma za makanisa na za matanga upande wote ule. Aliipokea ngoma, akaiweka magotini.

"Hii inaolewa lini?" aliuliza.

"Ni ya kuuza, mzee. Kwa Odeke."

"Odeke namjua." Aliingiza ukucha wa kidole gumba chini ya ukingo, na ile dhahabu ikabanduka kama ganda la yai lililochemshwa. Chini yake palikuwa na maandishi yaliyochongwa kwenye shaba: taji dogo, jina la kiwanda, na mwaka 1936. "Odeke ananunua umri, mwanangu. Na wewe umempaka kikongwe poda mpaka umri hauonekani. Nenda ukaitoe. Na usiisugue. Ile kahawia ndiyo miaka yenyewe."

Siku tatu nilikaa nyuma ya kibanda cha mama na vitambaa vya maji moto na kijiti cha mwanzi. Nilikuwa naloweka, nangoja, nabandua kipande cha ukubwa wa kucha, naloweka tena. Josphat alikuwa akipita akisema naharibu sanaa. Kila skrubu kati ya zile nane zinazokaza ngozi niliifungua, nikaifuta, nikairudisha kwenye tundu lake lilelile, kwa sababu Otukei alisema zimezoeana. Dhahabu ilitoka yote, au karibu yote. Kilichobaki ni ule mkwaruzo wa msasa ubavuni, mpana kama kiganja, unang'aa peke yake. Huo haukuwa na dawa.

Nilipoirudisha Adungosi, Otukei aliloweka ngozi ya mbuzi, akaikunja kwenye pete za mbao, akaiacha kivulini siku mbili. Siku ya tisa ya adhabu yangu alikaza skrubu, akachukua fimbo, akapiga.

"Bu," ikasema ngoma.

Mjukuu wake akaanza kucheza. Otukei alitabasamu kama mtu aliyejifungua mapacha.

"Mzee, imesema bu."

"Ulitaka ikuamkie?"

"Inatakiwa iseme krrr. Kama mahindi yanamwagwa kwenye karai."

"Ngoma ikisema krrr ipeleke hospitali."

"Hizi nyuzi za chini ndizo husema, mzee. Ngozi ikiwa nzito hivi haziamki."

"Mimi nafunika ngoma tangu mama yako hajazaliwa," alisema, bila hasira, kama anayesoma tangazo. "Pande mbili, ngozi ya mbuzi mmoja. Kichwa na matako lazima vijuane."

Shuleni nimebishana na viranja, mapadri na mpishi mkuu, na sijawahi kuona haya. Mbele ya mzee yule niliona haya. Lakini zilibaki siku tano. Nilifungua daftari langu la Kemia nikatoa ile ngozi ya chini ya zamani, yenye tundu la kidole cha Bwana Oduori, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

Aliiinua kwenye mwanga. Vidole vyake vilionekana upande wa pili, na hata pete yake. Akaigusa kwa mdomo. Akaigeuza.

"Hii si ya mbuzi," alisema mwishowe.

"Ni ya nini?"

"Ya mnyama ambaye hakuwahi kuona jua. Alitolewa tumboni mwa mama yake." Aliirudisha polepole. "Hiyo sijawahi kufunikia. Hatuitumii. Tafuta ya kibuzi cha namna hiyo, tujaribu. Na uniletee ikiwa mbichi."

Siku ya kumi na ya kumi na moja niliamkia machinjioni. Wachinjaji walifurahi sana kuniona.

"Mtoto wa bweni anatafuta kibuzi cha tumboni. Shule siku hizi inafundisha uchawi?"

"Ni somo la hiari, boss," nilijibu, nikaendelea kusimama palepale. Nilisimama mpaka viatu vikabadilika rangi. Asubuhi ya pili Apolot, mama anayeosha matumbo, aliniita kwa kidole. Mbuzi mmoja alikuwa ameletwa kama tasa, na hakuwa tasa. Apolot alinifungia kwenye gazeti kitu chepesi kama leso iliyolowa, akanikataza kushukuru.

"Ukishukuru utarudi," alisema. "Na wewe unanuka tayari."

Mtu wa bodaboda alinitoza mara mbili kwa sababu ya harufu. Otukei aliikwangua ngozi ile juu ya paja lake kwa kipande cha chupa, saa tatu nzima, na kila nilipokohoa alinitazama vibaya. Aliivuta kwenye pete kwa ncha za vidole. Ikakaa tena kivulini. Alhamisi alfajiri alikaza skrubu robo kwa robo, akapiga.

Ilisema krrr.

Akapiga tena, taratibu, halafu harakaharaka. Mjukuu wake hakucheza, alikimbia. Otukei aliilaza ngoma magotini akaifuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Ina makelele," alisema. "Lakini ni yenyewe."

Odeke huvuka Malaba kila Alhamisi kufuata mizigo yake. Ilikuwa siku ya kumi na tatu. Nilimpata kwenye foleni ya bodaboda, nikamwomba kwa heshima zote aje anywe chai ya bure, na mzee mwenye akili hakatai chai. Aliweka miwani, akaipapasa ngoma kama daktari. Alisoma taji na mwaka. Alihesabu skrubu, akapiga mara moja. Akafika kwenye mkwaruzo.

"Nani alifanya hivi?"

Nilikuwa nimeandaa hadithi nzuri ya mmisionari aliyeanguka na baiskeli mwaka 1940. Ilikuwa na mvua, daraja na paroko. Lakini Odeke alikuwa tayari ametoa chembe ya dhahabu chini ya skrubu moja, ameishika kwenye ncha ya kidole, ananingoja.

"Mimi," nilisema. "Tuliipaka rangi, tukaitoa. Na ngozi ni mpya zote mbili."

Alitikisa kichwa. "Pete za mbao ni zake za asili, skrubu ni zake, shaba nzima. Ingekuwa arobaini. Na mkwaruzo huu, thelathini na nne. Mtu wangu wa Kampala ataona kitu hicho kwanza kabla ya yote."

Mama aliacha kugeuza chapati. Elfu thelathini na nne ilikuwa barua ya uhamisho, na sote wawili tulijua.

Odeke akapiga ngoma tena. Akaigeuza, akaitazama ngozi ya chini kwenye mwanga, akapiga mara ya tatu, mara ya nne. Kwa mtu anayepima bei, mbili zilitosha. Mimi nimeishi kwa kusoma nyuso za watu wanaojaribu kuficha kitu, hasa walimu.

"Mzee, una ngoma ngapi nyumbani zilizopasuka chini?"

Alivua miwani. "Kumi na moja. Ngozi hii huwa naagiza Ulaya. Miezi mitatu, na ikifika imejikunja."

"Naomba dakika moja." Nilienda nyuma ya kibanda nikampigia Otukei kwa simu ya mama, kwa sababu sikutaka kumuuza mtu bila kumuuliza.

"Kumi na moja?" alisema Otukei. "Mwambie aje na sukari. Na asije na haraka."

Nikarudi. "Namjua aliyefunika hii. Yuko karibu na amekubali."

"Ni nani?"

"Elfu arobaini."

"Nitamtafuta mwenyewe. Mafundi wa ngoma si wengi."

"Watafute, mzee. Wote watakufunikia mbuzi mzima, iseme bu, na watakudai."

Odeke alimgeukia mama. "Mama, mtoto wako ni mwizi."

"Si mwizi," alisema mama. "Amefukuzwa kwa kuchora."

Aliomba chai ya pili. Aliinywa yote, kwa utulivu wa kunitesa, ndipo akatoa simu akaniambia nimsomee namba ya malipo ya shule. Niliisoma mara mbili. Alituma elfu arobaini, nikamwandikia jina la Otukei na njia ya kufika, na neno sukari nikalipigia mstari.

Simu ya mama ililia kabla chapati inayofuata haijaiva.

"Trizah," alisema mwalimu mkuu.

"Naam, mwalimu."

"Pesa zimeingia. Jumatatu saa moja asubuhi uwe gwarideni."

"Asante, mwalimu."

"Bwana Oduori anasema utasimama mstari wa mbele, pale anapoweza kuiona mikono yako."

Nilisema sawa. Mama alinipa ndoo na sabuni ya mche bila kunitazama, nikaenda kufua sare.