Nimeagwa Nusu

Siku nane zilizopita, Jumamosi, ukoo mzima ulikaa mkekani kuniaga, na nikaagwa nusu. Nusu nyingine ilinyakuliwa na mtani wetu Vilimoni, akaikalia. Tangu siku hiyo kila anayenikuta sokoni Nausori ananiuliza kama nimeondoka au nimebaki, na mimi nimesimama mbele yake kabisa na kapu la mihogo. Acha nieleze kuanzia mwanzo, labda nikieleza na mimi nitaelewa.

Naitwa Taraivini. Mwezi wa kumi na mbili nilimaliza ualimu chuoni Suva, hapa Fiji, somo la Kiingereza. Rafiki yangu Praneeta alimaliza siku hiyo hiyo, ila yeye alikuwa wa kwanza darasani na mimi nilikuwa wa, tuseme, katikati kwa chini. Insha zangu zote za miaka mitatu zilipita mikononi mwake kwanza. Anazo rangi zake za kalamu. Nyekundu ni kosa, kijani ni "Tara, hapa ulikuwa unafikiria nini?"

Tukaomba kazi pamoja. Tuliona tangazo kwenye simu: walimu wa Kiingereza wanahitajika Saudia, kwenye kambi ya jeshi la anga, kufundisha wanawake wanaoingia jeshini. Anayeajiri si jeshi, ni kampuni zinazolihudumia jeshi. Wiki hiyo tukaona na tangazo la pili la kampuni nyingine, tukaomba zote mbili. Barua zangu aliziandika Praneeta.

Mimi nikajibiwa ndiyo na kampuni zote mbili. Yeye akajibiwa hapana na zote mbili, mistari miwili tu, kwamba wanataka wazawa wa lugha, watu waliozaliwa na Kiingereza.

Sasa uzawa wenyewe mnaujua? Ni pasipoti. Mama alinizaa Auckland alipokwenda kumuuguza shangazi yake. Alikaa miezi minane, akarudi na mimi pamoja na karatasi. Basi nina pasipoti ya New Zealand, nchi ambayo siikumbuki hata kwa harufu. Kiingereza nimekianza darasa la kwanza kama watoto wote wa mtoni Rewa, kwa kupigwa rula. Praneeta kwao wanasoma magazeti ya Kiingereza tangu babu yake. Lakini mzawa ni mimi.

"Usinitazame hivyo," aliniambia. "Si wewe uliyetunga sheria. Tuzipime hizo kazi."

Tukakaa kwenye kibanda cha roti, zile chapati, karibu na stendi, akachora mstari katikati ya daftari. Upande huu kampuni ya Wamarekani, upande ule ya Waingereza. Wamarekani wanatoa chumba cha peke yangu, Waingereza chumba cha wawili. Wamarekani tiketi moja ya kuja nyumbani kwa mwaka, Waingereza mbili. Wamarekani wana bwawa la kuogelea. Waingereza wana basi la kwenda mjini Alhamisi. Mshahara karibu sawa, karibu mara tano ya mwalimu wa hapa.

"Bwawa au basi?" Praneeta akauliza.

"Sijui kuogelea."

"Umezaliwa kisiwani."

"Nimezaliwa Auckland, mimi ni mzawa wa lugha." Akanirushia kipande cha roti.

Kulikuwa na karatasi ya tatu ambayo sikuiweka mezani. Wizara ilikuwa imenipangia shule kisiwani Kadavu, darasa la sita, boti Jumanne ya wiki iliyofuata. Nilitakiwa kusaini ofisi ya elimu kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Nisiposaini nafasi inakwenda kwa anayefuata, na mimi nasubiri mpaka mwakani, nikipangwa. Wamarekani nao, Waingereza nao, walitaka saini Ijumaa hiyo hiyo. Ijumaa moja, saini tatu, mkono mmoja.

Kosa langu ni hili. Nilirudi nyumbani nimejaa habari, nikamkuta mama anakuna nazi, na badala ya kusema "mama, nafikiria kwenda Uarabuni," nikasema "mama, nimepata kazi Uarabuni." Aliweka nazi chini, akanawa mikono, akampigia simu kaka yake.

Kwetu hapo mambo huwa yameshaondoka. Mjomba hamnyimi kitu mtoto wa dada yake, na mjomba wangu Isikeli ni mtu anayetii hilo mpaka linaudhi. Mtu akiondoka nyumbani kwenda mbali, anaombewa ruhusa: mzizi wa yaqona, ule wa kutwangwa na kunywewa, unawekwa mbele ya wazee, anasemewa maneno, mzee anaugusa, watu wanapiga makofi, umeshaachiwa. Ukishaachiwa huwezi kuonekana kesho yake unanunua mihogo. Ni aibu. Mjomba akasema Jumamosi ijayo, akanunua mzizi mrefu kama mguu wangu.

"Mjomba, bado sijasaini," nilimwambia.

"Utasaini Ijumaa baada ya hapo, sisi tunatanguliza. Wewe unataka uondoke kama mwizi?"

"Hata sijui naenda na kampuni gani."

"Kwani wazee watauliza jina la kampuni?"

Hawakuuliza. Jumamosi baada ya chakula cha mchana sebule yote ilikuwa mikeka. Babu Apenisa, mkuu wa ukoo wa baba, alikaa kule juu, upande wa heshima, na shati lake la kanisani. Mjomba akakaa chini na ule mzizi mbele yake. Mimi nilikuwa nyuma karibu na mlango na wanawake, Praneeta pembeni yangu, kavaa sketi ndefu ya kukopa kwa mama. Na Vilimoni akajikaribisha. Watu wa kwao ni watani zetu tangu mababu. Wanaweza kutuchukulia kitu chochote na kututukana tukiwa tunakula, na sisi kwao vile vile, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Alikaa miaka minane Kuwait akiendesha magari ya makampuni ya namna hii, na tumbo lake bado linatembea kama gari kubwa.

Mjomba akaanza. Sauti yake ya mkekani ni nyingine kabisa, ndogo na nzito. Akasema mtoto wao anavuka maji kwenda Saudia, anaomba ruhusa ya wazee wake, anaomba miguu yake iwe myepesi. Mama akaanza kulia. Na mimi nikaanza kulia, halafu nikakumbuka sijaamua, nikanyamaza, halafu nikawaza mtu akinyamaza ghafla itaonekanaje, nikalia tena.

Mjomba akausukuma mzizi mbele. Babu Apenisa akanyoosha mkono. Kabla kidole hakijafika, Vilimoni aliteleza mkekani kama mtoto, akauchukua, akarudi pale alipokuwa na akaukalia.

Mkono wa Babu ukabaki hewani. Kisha wanawake wakaanza kucheka ndani ya viganja.

"Nyinyi watu wa matope," Vilimoni akasema, "mnamuaga mtoto kwenda wapi?"

"Saudia," Mjomba akasema, sauti yake imerudi kuwa ya kawaida. "Ondoa makalio yako juu ya mzizi wangu, mla popo."

"Saudia ni kubwa. Barua iko wapi?"

Huwezi kumnyima mtani. Nikatoa barua mbili kwenye mkoba, akazipokea, akazishika mbali, akazisogeza, akasema miwani yake ameiacha. Akampa Praneeta. "Soma, mwalimu. Ya kwanza, halafu ya pili. Taratibu."

Praneeta akasoma ya Wamarekani kwa Kiingereza chake kile kizuri, kisha akatueleza kwa lugha yetu: kambi ya jeshi la anga, Tabuk, wanafunzi mia mbili na arobaini, kuanza tarehe mosi mwezi wa nne. Akachukua ya Waingereza. Kambi ya jeshi la anga, Tabuk, wanafunzi mia mbili na, hapo akasita. Akaziweka sambamba sakafuni, kidole huku na kidole huku.

"Tara," akasema. "Wanafunzi ni wale wale."

"Wale wale vipi?"

"Mia mbili na arobaini hapa, mia mbili na arobaini hapa. Kambi hiyo hiyo. Tarehe hiyo hiyo." Akafungua ukurasa wa mwisho, kwenye maandishi madogo ambayo mimi niliyaruka nikitafuta bwawa. "Na zote zinasema kazi itakuwepo kampuni ikishinda zabuni."

Wiki nzima nilikuwa nimeipima kazi moja kwa kuilinganisha na yenyewe. Na hata hiyo moja ilikuwa haijazaliwa.

"Ndiyo mchezo wao," Vilimoni akawaambia wazee, sasa bila utani. "Jeshi linatangaza kazi. Kampuni tano zinaigombania. Kila moja inaonyesha, tazameni, tuna walimu arobaini wenye vyeti na pasipoti nzuri, wako tayari. Pasipoti ya huyu mtoto imo ndani ya vitabu viwili vya zabuni. Atakayeshinda atamwita, au atamwita mwingine wa bei nafuu. Nilikaa miezi kumi na moja Lautoka nikisubiri kuitwa, mizigo mlangoni, na nilikuwa nimeshaagwa. Mke wangu alikuwa ananificha wageni wakija."

Babu Apenisa alikuwa bado mkono wake uko mbele. Akaurudisha gotini. "Kwa hiyo tumemuaga au hatujamuaga?"

Hakuna aliyejua. Maneno yalisemwa, mzizi haukuguswa. Mjomba alisema imehesabika. Shangazi yangu mmoja alisema haijahesabika. Mama aliuliza kama machozi yanarudishwa. Mwishowe Babu akasema mzizi uliokaliwa na mtani hauwezi kupokelewa, utwangwe unywewe tu, na mtoto akishajua anakokwenda alete mwingine na aseme mwenyewe. Wakaunywa. Nikanywa na mimi kifuu kimoja, ulimi ukafa ganzi.

Praneeta nilimsindikiza mpaka stendi. "Ningekuwa na ile pasipoti," alisema, "ningesaini zote mbili bila kusoma." Sikujua kama ananilaumu au ananiruhusu. Akapanda basi.

Jumatatu nikaziandikia kampuni zote mbili swali moja: kazi ipo? Waingereza wakajibu wamefurahi sana, naomba nitume tena picha ya pasipoti, ile ya kwanza ina kivuli. Mmarekani mmoja, Bwana Doyle, akapiga simu Jumatano nikiwa foleni ya mkate. Mtu mpole, sauti ya redio.

"Kazi ipo?" nikamuuliza.

"Tukiipata, ipo."

"Na msipoipata?"

"Tuna imani kubwa, bibie. Wewe ni namba ishirini na saba kwenye kitabu chetu. Ila naomba ujitoe kwa wale wengine."

Nikamwambia ninaye rafiki, mwalimu mzuri kuliko mimi, aliyeandika barua yangu ya maombi ile waliyoisifia. Akacheka, akauliza ana pasipoti gani. Nikasema ya Fiji. Akasema pole, kama mtu anayeambiwa amekufa mtu asiyemjua.

"Basi mnitoe na mimi," nikasema. Mdomo ulisema wenyewe. Nilikuwa nimefika mbele ya foleni na dada wa mikate ananitazama.

"Haiwezekani sasa," Bwana Doyle akasema. "Kitabu kimeshapelekwa."

Alhamisi sikulala mchana wala sikula. Niliwaza bwawa ambalo nisingeogelea. Niliwaza wale wanawake mia mbili na arobaini, nikajiuliza kama na wao wameagwa nyumbani kwao kwa kazi ambayo hawajaiona. Niliwaza mshahara, sisemi uongo, niliuwaza sana. Paa la mama linavuja sehemu tatu. Ijumaa saa tano na nusu nilikuwa ofisi ya elimu, nimeshika kalamu, na yule karani anapulizia chai yake. Akaniuliza kama nina swali.

"Shule ya Kadavu ipo?"

Akanitazama. "Ipo wapi tena? Ipo Kadavu."

"Na watoto wapo?"

"Kumi na tisa. Mmoja anauma." Akanisogezea karatasi.

Nikasaini.

Jana Jumamosi mikeka ikatandikwa tena, watu wale wale. Mzizi niliununua mimi, mdogo, na Mjomba akanipisha niseme mwenyewe kama Babu alivyoagiza. Nilisahau majina ya nusu ya mababu. Nikasema naenda Kadavu, shule ipo, watoto wapo, naomba ruhusa. Nikausukuma mbele.

Kila mtu akamgeukia Vilimoni. Alikuwa amekalia mikono yake yote miwili.

"Chukua basi," Mjomba akamwambia. "Si ndiyo kazi yako."

"Huu mdogo," akasema. "Nyinyi watu wa matope ni wachoyo. Siutaki."

Babu Apenisa akaugusa. Wakapiga makofi yale ya viganja vilivyokunjwa, na Vilimoni akatoa mikono yake akapiga nao, ya kwake inasikika kuliko yote.

Boti ni keshokutwa. Praneeta amenitumia kalamu zake, nyekundu na kijani, kwenye bahasha bila barua. Amepangwa shule mjini Ba, na sijui kama amefurahi. Waingereza wameandika tena leo asubuhi, kivuli bado kipo. Na huko kwenye kitabu cha Bwana Doyle mimi bado ni namba ishirini na saba, mzawa wa lugha, niko tayari wakati wowote. Nafunga sanduku huku nageuka geuka kutazama mlangoni kama kuna Taraivini mwingine anayetakiwa kulibeba.