Pamba Mdomoni

Mimi tangu utoto nina mdomo. Bibi alikuwaga anasema nilizaliwa katikati ya maneno, mkunga akangoja nimalize. Sasa mtu kama huyo mng'oe magego mawili ya mwisho, mjaze pamba mdomoni, halafu umwambie asiongee. Na hayo yalinikuta wiki mbaya kabisa.

Tulikuwa tumehamia kijiji kipya cha Ujamaa, Bugwema, nyumba zimepangwa mstari, ukikohoa jirani anakupa pole. Meno niling'olewa Musoma mjini, nikarudi na lori la pamba, shavu limevimba kama nimeficha embe. Mganga wa meno alisema niume pamba, nisiteme mate hovyo, ninywe uji uliopoa, na kuanzia kesho yake nisukutue kwa maji ya chumvi. Mama akanilaza kichwa juu ya mito. Baba alicheka peke yake: pamba tulime sisi, tuuze sisi, halafu irudi kwenye mdomo wa binti yetu.

Kesho yake damu bado inachuruzika, akaja Clementi na watu wake kutoka Nyegina. Clementi alikuwa seremala wa misheni, na mimi nilimpenda hadi nikajionea aibu. Ila kwao walikuwa na kidonda. Kaka yake alioa mwanamke msemaji, nyumba ikavunjika, na shangazi yao Euphrasia akaapa kwamba mwingine wa namna ile hataingia tena. Safari hii alikuja kumwangalia binti kwa macho yake.

Mama aliniwekea pamba mpya, akanitanda kanga kichwani hadi shavuni, akaninong'oneza nikae hivyo hivyo, Mungu ameshanisaidia. Wageni akawaambia nina aibu. Mimi, aibu! Jirani aliyekuwa anapepeta mtama nje aliacha kazi akaingia ndani kwake kucheka.

Euphrasia aliuliza kama najua kusonga ugali, nikaitikia kwa kichwa. Akauliza mbona sinywi chai, nikainamisha macho. Kila nilivyonyamaza ndivyo alivyozidi kunenepa kwa furaha. Akamwambia baba kwamba huyu amefunzwa, si kama yule wa kwanza aliyefukuzwa na ulimi wake mwenyewe. Hapo nikaona nitakavyoishi kwa yule shangazi, pamba mdomoni hadi kaburini.

Kisha baba akaniita katikati ya watu. Kwetu binti husema mwenyewe, tena kwa kinywa, na wageni wasikie.

"Nyangi, hizi ng'ombe za Clementi ziingie zizini, au zirudi?"

Mama akadakia kwamba nimeshakubali. Baba akasema yeye anangoja kinywa. Euphrasia akasema inatosha, kimya changu ni kizuri kuliko maneno ya wengi.

Nilitaka kunyamaza, wallahi. Kumkosa Clementi ilikuwa kama kufa. Lakini nikavua kanga, nikatoa ile pamba na damu yake, nikaiweka kwenye kisosi cha chai mbele ya shangazi.

"Baba, ziingie. Ila shangazi, hii ni meno tu. Yakipona, naongeaga kutwa nzima."

Mama alishika kichwa. Euphrasia aliitazama pamba, akanitazama mimi, akaanza kukusanya kanga yake aondoke. Clementi alikuwa amekaa karibu na mlango, akanyoosha mguu kumzuia.

"Shangazi, kaa," akasema. "Mimi huo mdomo ndio nilioufuata."

Shangazi akasonya, akakaa, akasema nisije kumlilia. Ng'ombe zikaingia baada ya mavuno.

Tuliishi Nyegina hadi tukaona wajukuu. Niliongea, jamani, niliongea; yeye anapiga randa, mimi napiga hadithi. Nikikasirika ndipo niliponyamaza, na hapo alikuwa anaweka randa chini, ananijia taratibu.

"Nyangi, leo umeng'olewa jino gani?"

Nami nacheka bila kupenda, na maneno yanarudi.

Tulimzika mwaka juzi. Randa yake nimeitundika ukutani. Siku hizi naweza kukaa barazani tangu chai ya asubuhi hadi kuku wanaingia bandani, sijatoa neno, na watoto wanasema mama amekuwa mtulivu. Hakuna anayeuliza ni jino gani.