Suruali ya Shujaa

"Simama wima, shujaa," fundi cherehani alisema, pini zimemjaa mdomoni. "Inakubana?"

"Aa, imenikaa kama ngozi yangu," mwigizaji alijibu, akijigeuzageuza mbele ya kioo.

Ikukae tu, fundi alijisemea moyoni. Mshono wote wa nyuma alikuwa ameupiga bandi, ule uzi wa kushikizia kitambaa kabla ya kupitisha cherehani, na cherehani hakuipitisha. Kasahau? Thubutu! Mwanamke aliyeshona maisha yake yote hasahau makalio.

Alikuwa na hasira, tena hasira ya kufuga, tangu mazoezi ya kwanza. Mwandishi wa mchezo huu alikuja nyumbani kwao, akanywa chai ya mama yake, akamchimba bibi wa watu maneno mpaka koo likamkauka. Mama hakumficha kitu. Alimweleza kiwanda cha dobi, na mikono iliyobabuka kwa magadi, na asubuhi ile alipopanda juu ya meza ya pasi, yeye mfuaji asiyejua kusoma, akawaambia mabwana: "Leo hatufui! Nguo zenu zivaeni na uchafu wenu!" Walimvunja mkono kwa maneno hayo. Mpaka leo haunyooki.

Sasa tazama walichomfanyia. Maneno yale kapewa karani, kijana mtanashati wa kubuni tu, eti ndiye shujaa. Mama kafanywa bubu. Anapita na beseni, analia, basi.

"Kaka, mama yangu si bubu," fundi alimwambia mwandishi siku ile ya mazoezi ya kwanza.

"Dada yangu, hii ni sanaa. Bubu anawagusa watu zaidi."

"Na umemwalika akae kiti cha mbele!"

"Atafurahi, utaona."

Atafurahi! Fundi alitamani kumchoma sindano ya jicho. Badala yake akarudi kushona.

Alasiri ya onyesho ukumbi ulifurika. Fundi akachungulia pembeni ya pazia. Mama yake alikuwa pale mbele, amevaa gauni jipya, mkono mbovu ameulaza mapajani. Bubu alipopita na beseni lake, mama aliinamisha uso kwa aibu, na fundi nusura alie.

Kisha karani akapanda juu ya meza, akawageukia mabwana, mgongo kwa watazamaji, akainua mikono yote miwili.

"Leo ha..."

Prrrr! Suruali ikaachia kuanzia kiunoni hadi mapajani, na chupi ya maua ikawasalimu watu wote. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Shujaa akaruka chini, akakimbilia nyuma ya pazia, mikono nyuma.

"Shona! Shona haraka, mama, naumbuka!"

"Tulia, mwanangu. Haraka ya nini?"

Akakata uzi. Akaulamba. Akaupeleka kwenye tundu la sindano, akalikosa, akaulamba tena. Huko nje kicheko kilipungua, kikafa, na katika ukimya ule ikapanda sauti kavu ya kizee kutoka kiti cha mbele.

"Leo hatufui! Nguo zenu zivaeni na uchafu wenu!"

Mwandishi alikuja mbio, jasho linamtiririka. "Nani huyo anayepiga kelele?"

"Bubu," fundi akajibu.

Mama alikuwa bado anasema. Uzi ulikuwa umekwisha kuingia. Fundi akauchomoa, akaanza kulitafuta tundu upya.